HOTUBA YA KAMATI YA AFYA NA LISHE: TUNDA LA DUNGUSI KAKATI NI CHAKULA CHEMA, SIYO DAWA YA KILA UGONJWA

(Ilisomwa mbele ya wanakikundi na wageni waalikwa katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Bomang'ombe)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo. Miaka kumi siyo mchezo. Tulianza na sanduku moja, funguo tatu na daftari la kaunta. Waliosema kwamba akina mama wataparaganyika kabla ya mgao wa kwanza, leo wamekaa nasi kwenye viti hivi wanakunywa soda yetu. Karibuni sana.

Kamati yetu imepewa nafasi ya kuzungumzia tunda la dungusi kakati, ambalo vitabuni huitwa mpungate, na zile habari za "antioksidanti" ambazo siku hizi kila muuzaji anazitaja. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, baadhi ya wanakikundi wameleta ombi la kukopa kwenye mfuko ili watengeneze jamu na juisi ya tunda hili kwa ajili ya kuuza. Ya pili ni jambo lililotupata mwaka jana, ambalo tumekubaliana tulieleze wazi ili lisirudiwe.

JAMBO LENYEWE

Mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tuseme bila kumtaja jina, anaumwa kisukari na anatumia vidonge kila siku. Siku ya mnada alinunua kwa mchuuzi chupa ya juisi nyekundu ya dungusi kakati. Akaambiwa ina antioksidanti, inasafisha damu, inaondoa sukari, presha na hata uvimbe. Alipokuja nayo kwenye kikao, sisi wa kamati tuliionja. Wengine tulinunua chupa zetu. Tulimsifia, tukamwambia, "Mama, endelea nayo, ni kitu cha asili hicho." Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama anaendelea na vidonge.

Kumbe alikuwa ameviacha. Baada ya wiki kadhaa alianza kukojoa mara kwa mara, kiu haikatiki, macho yakaingia ukungu. Alipofikishwa hospitali sukari ilikuwa juu sana, akalazwa. Mfuko wetu wa jamii ulilipa gharama, na leo yuko nasi hapa ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini ndugu zetu, lazima tukiri kwamba tulikosea. Mchuuzi alisema uongo, na sisi tulioaminiwa tukaupigia makofi. Kwa hiyo hotuba hii ni maelezo, na pia ni kuomba radhi.

DUNGUSI KAKATI NI NINI?

Hapa Bomang'ombe tuko tambarare. Wenzetu wa Machame wana migomba, kahawa na mifereji ya maji, ila sisi huku chini jua ni kali na mvua ni ya kuotea. Mmea huu hauoni taabu ya ukame. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, na maji hupotea kwa jua. Dungusi kakati hufungua vitundu vyake usiku wakati wa ubaridi, na mchana huvifunga. Yale tunayoyaita majani ni mashina yaliyonenepa kwa kuhifadhi maji. Ndiyo maana wengine huupanda kuwa ua wa boma.

Siyo mmea wa asili wa Afrika. Kwao ni Marekani ya kati na kusini, hasa Meksiko, na ukitazama bendera ya nchi hiyo utaona tai amesimama juu ya dungusi kakati. Wahispania waliupeleka Ulaya katika karne ya 16, na kutoka huko ukasambaa Afrika na Asia.

Tahadhari moja kwa vijana: msiuchanganye na mnyara, ule mti wa uzio unaotoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu wa mnyara unachoma ngozi na unaweza kuharibu macho. Mmea ukiukata ukatoa maziwa meupe, huo siyo dungusi kakati, uacheni.

HIZO ANTIOKSIDANTI NI KITU GANI?

Neno ni gumu lakini jambo lenyewe tunaliona jikoni. Ukikata parachichi ukaliacha mezani, baada ya muda linabadilika kuwa la kahawia. Ni hewa ya oksijeni imelishambulia. Ukilipaka ndimu, linachelewa kubadilika. Panga likiachwa nje linaota kutu. Hiyo nayo ni kazi ya oksijeni.

Ndani ya miili yetu, tunapotumia hewa na chakula kupata nguvu, huzalishwa chembe ndogo zenye fujo, wataalamu wanaziita radikali huru. Moshi wa sigara nao huziongeza. Chembe hizi zimepungukiwa, kwa hiyo huwanyang'anya jirani zao, na wale walionyang'anywa nao wanaharibika. Zikizidi huharibu mafuta ya damu, kuta za chembe hai na hata vinasaba. Antioksidanti ni vile vitu vinavyokubali kunyang'anywa kwa niaba ya wengine, fujo ikaishia hapo. Mwili una vya kwake unavyovitengeneza wenyewe, na vingine unavipata kwenye chakula, kama vitamini C na vitamini E.

Hata hivyo msidhani kila radikali huru ni adui. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua vijidudu. Mwili unataka uwiano, siyo kufuta kila kitu.

NDANI YA TUNDA KUNA NINI?

Katika gramu 100 za nyama ya tunda la dungusi kakati kuna nishati ya kalori 41 hivi, sukari na wanga karibu gramu 10, nyuzinyuzi karibu gramu 3.6, magnesiamu miligramu 85, kalsiamu miligramu 56 na potasiamu miligramu 220. Vitamini C huwa kama miligramu 14 hadi 30, kutegemea aina na ardhi. Kwa magnesiamu na nyuzinyuzi ni tunda zuri sana.

Kinacholipa sifa ya pekee ni rangi yake. Ile rangi nyekundu ya zambarau, na ile ya njano, zinatokana na kundi la vitu viitwavyo betalaini. Ni kundi lile lile linalotia rangi bitiruti na mchicha mwekundu. Matunda mengi mekundu au meusi, kama zambarau, yana rangi ya kundi jingine, na makundi haya mawili hayakai pamoja kwenye mmea mmoja. Kwa hiyo dungusi kakati linatupa kitu ambacho hakipatikani kwenye matunda mengi. Hata lile tunda la dragoni linalouzwa kwa bei kubwa mijini ni la ukoo huu huu, na lile lenye nyama nyekundu lina betalaini pia. Ukila mengi, usishtuke ukiona mkojo umegeuka mwekundu kidogo. Ni rangi tu inapita, kama ilivyo kwa bitiruti. Ila wekundu ukiendelea wakati hujala kitu cha namna hiyo, nenda hospitali.

JE, IMETHIBITISHWA KWA WATU?

Hapa ndipo tulipotakiwa kuuliza mwaka jana. Mwaka 2004 watafiti wa Palermo, katika kisiwa cha Sicily nchini Italia ambako tunda hili linalimwa sana, walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwachukua watu 18 wenye afya. Kwa wiki mbili walikula gramu 250 za nyama ya tunda mara mbili kwa siku. Kipindi kingine walipewa vitamini C peke yake, miligramu 75 mara mbili kwa siku. Vitamini C katika damu ilipanda kote kuwili. Lakini dalili za mafuta ya mwili kuharibiwa na radikali huru zilipungua walipokula tunda, na hazikupungua walipopewa vitamini C tupu.

Hiyo ni habari njema, na tunaifurahia. Sasa tuisome vizuri. Watu walikuwa 18 tu. Walikuwa wazima, siyo wagonjwa. Ilikuwa wiki mbili. Kilichopimwa ni dalili katika damu. Hakuna aliyeponywa kisukari wala kansa. Na walikula nusu kilo ya tunda kwa siku. Kijiko cha juisi kutoka kwenye chupa ya mnadani siyo jaribio la Palermo.

Kuna na fundisho jingine. Mwaka 1994 huko Finland yalitolewa matokeo ya jaribio la wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini, ile antioksidanti inayotia rangi karoti, wakitegemea itawakinga na kansa ya mapafu. Matokeo yake? Waliopewa vidonge hivyo walipata kansa ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Jaribio la namna hiyo nchini Marekani lilisimamishwa mapema, Januari 1996, kwa sababu hali ilikuwa ile ile. Karoti yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuchukua kitu kimoja kutoka kwenye chakula, kukizidisha, na kudhani kizuri kikizidi kinakuwa kizuri zaidi. Wahenga walishasema, kila kitu kwa kiasi chake.

KUHUSU SUKARI

Wazee wetu wanasema zamani ugonjwa huu ulikuwa haba, na hawakosei. Uchunguzi wa miaka ya 1980 katika vijiji vya Tanzania, vikiwamo vya mkoa wetu wa Kilimanjaro, ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mzima 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vya nyakati hizo mbili havilingani moja kwa moja, lakini mwelekeo unaonekana. Humu ndani ya kikundi chetu hili siyo jambo la mbali.

Huko Meksiko yapo majaribio ya kuwapa wagonjwa wa kisukari majani machanga ya dungusi kakati, yaliyopikwa kama mboga, pamoja na chakula. Yameonyesha kwamba sukari haipandi haraka baada ya kula. Sikilizeni vizuri: ni majani, siyo tunda. Tunda lina sukari yake. Ukilikamua ukatupa nyuzinyuzi, kisha ukaongeza sukari ya dukani, umetengeneza soda nyekundu. Mwenye kisukari anaweza kula tunda zima moja au mawili akilihesabu katika mlo wake. Na anayetaka kutumia majani pamoja na dawa amwambie daktari kwanza, maana vyote viwili vinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Vidonge visiachwe kwa maneno ya mnadani. Wala kwa maneno ya kamati.

NAMNA YA KULILA BILA MAUMIVU

Kinachoumiza zaidi siyo ile miiba mikubwa mnayoiona. Ni vile vijimiiba vidogo kama nywele, vinavyong'oka kwa kuguswa tu na kuingia kwenye vidole, midomo na ulimi.

Chumeni asubuhi mapema kukiwa bado na umande na upepo umetulia, ili vijimiiba visipeperuke. Tumieni koleo au jani gumu, msishike kwa mkono mtupu. Yamwageni matunda kwenye mchanga, yafagieni kwa fagio la majani huku yakibingirika, kisha yaosheni kwa maji mengi. Wengine huyapitisha juu ya moto. Baada ya hapo kata ncha mbili, chana ganda kwa urefu, livue, toa nyama. Watoto wasiachiwe kazi hii.

Mbegu ni nyingi na ngumu. Anayekula matunda mengi kwa mara moja bila maji anaweza kufunga choo vibaya mpaka afike hospitali. Kula machache, kunywa maji, au chuja.

Na tukumbuke vile tulivyo navyo. Pera lina vitamini C kiasi cha miligramu 228 katika gramu 100, na chungwa lina 53. Yote mawili yanalishinda dungusi kakati kwa vitamini hiyo, na mapera yanadondoka bure kwenye vihamba. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mnafu, mchicha, parachichi, zambarau, mapera, na dungusi kakati likipatikana: sahani yenye rangi nyingi ndiyo antioksidanti zenyewe.

OMBI LA MKOPO

Sasa tuje kwenye fedha. Kamati inaunga mkono ombi la wenzetu, kwa masharti. Kazi hii inawezekana. Huko Laikipia nchini Kenya, akina mama wa Kimaasai wanatengeneza jamu na juisi kutokana na dungusi kakati lililovamia malisho yao. Lakini hao hao wanatufundisha hatari yake. Mmea huo ulipelekwa kwao zama za ukoloni kama ua na pambo. Ndovu na nyani wakala matunda, wakasambaza mbegu. Leo umefunika malisho, na vijimiiba vinaumiza mbuzi na ng'ombe midomoni na machoni. Australia nayo, kufikia miaka ya 1920, ilikuwa imepoteza ardhi ya hekta zaidi ya milioni 20, mpaka walipoachilia nondo wa kuula mmea huo mwaka 1926.

Kwa hiyo masharti yetu ni haya:

1. Tuvune iliyopo kwenye nyua. Tusianzishe mashamba mapya karibu na malisho ya ndugu zetu wafugaji, na mbegu za jikoni zichomwe, zisitupwe ovyo.

2. Ukali wa ndimu upimwe. Tunda lile kubwa la kulimwa halina uchachu wa kutosha. Juisi au jamu isiyo na uchachu ikifungwa kwenye chupa inaweza kuotesha vijidudu vya sumu hata kama haijanuka. Iongezwe ndimu mpaka kipimo cha pH kishuke chini ya 4.6, ichemshwe sawasawa, na iwekwe kwenye chupa zilizochemshwa. Karatasi za kupimia zinunuliwe kwa fedha ya kwanza ya mkopo. Wenzetu waende SIDO wapate mafunzo, na bidhaa ipelekwe TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wasimamizi wa usalama wa chakula nchini.

3. Moto usizidi muda. Betalaini huharibika kwa moto mrefu. Ukiona rangi nyekundu imegeuka ya kahawia, ujue na faida imeondoka.

4. Lebo iseme kweli. Iandikwe "Jamu ya Dungusi Kakati", kiasi cha sukari, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika. Neno "dawa" lisiandikwe. Neno "inatibu" lisitamkwe hata kwa mdomo sokoni. Atakayelitamka, mkopo wake usimamishwe.

5. Mkopo wa kwanza uwe mdogo, wa msimu mmoja, na marejesho yaonekane kabla ya kuongeza.

Sharti la nne ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Tunajua likizingatiwa mauzo yatapungua. Chupa inayosema inatibu magonjwa kumi inanunuliwa haraka kuliko chupa inayosema ni jamu. Lakini mnunuzi wetu ni nani? Ni jirani yetu, ni shemeji yetu, ni mama anayesali nasi kanisani au msikitini. Miaka kumi hii watu wametuachia fedha zao kwenye sanduku bila risiti ya benki kwa sababu wanaamini neno letu. Mtaji wetu mkubwa ni huo. Tukiuuza kwa chupa za juisi, hatutaupata tena kwa hisa wala kwa riba.

HITIMISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, tunda la dungusi kakati ni chakula chema. Lina nyuzinyuzi, lina madini, lina rangi yenye manufaa ambayo watafiti wanaendelea kuichunguza. Linastahili kukaa mezani kwetu. Halistahili kukaa mahali pa vidonge vya mgonjwa.

Kwa mwenzetu aliyelazwa, tunasema mbele ya wote: mama, tusamehe. Kuanzia mwaka huu kamati imeweka utaratibu. Kila kikao cha kwanza cha mwezi, kabla ya kufungua sanduku, mwenye dawa za kudumu ataulizwa na mwenzake mmoja aliyemchagua mwenyewe: "Dawa unakunywa?" Siyo kwa kumtangaza, ni kwa kumjali. Tumeanza miezi mitano iliyopita, na wawili wamesharudi kliniki.

Kwa wenye ombi la mkopo: jamu mliyoileta leo iko kwenye meza ile pale, na mikate ipo. Mgeni Rasmi na wageni wote, karibuni muionje. Ni tamu. Tunawaambia ni tamu tu, mengine hatuongezi.

Akina mama, umoja wetu udumu.



Kamati ya Afya na Lishe
Bomang'ombe, Wilaya ya Hai